Tulivyompima Dokta Erasto

Nilimpa Dokta Erasto moja. Moja kati ya tano, tena si katika swali moja, bali katika maswali yote kumi na manne, nikishuka toka juu ya karatasi hadi chini bila kusita. Nalisema hili mapema kwa sababu wenzangu hupenda kusimulia kwamba nilishawishiwa na yule mama mratibu wa chuo. Sikushawishiwa na mtu. Niliandika kwa akili zangu timamu, na nilipomaliza nilijisikia mwepesi kama mtu aliyetoka kuungama.

Tulikuwa wanafunzi watatu wa fiziotherapia, mwaka wa mwisho, tumeletwa Mtwara kwa wiki kumi za mafunzo kwa vitendo katika hospitali ambayo sitaitaja, maana inaajiri na mimi bado natafuta kazi. Fredi alitoka Songea, Baraka Mwanza, na mimi, Modesta, ni binti wa mwalimu mkuu wa huko Masasi, jambo ambalo Fredi alidai linaonekana hata nikiwa bado mbali. Wagonjwa wetu walikuwa wale wa siku zote: waliopigwa na kiharusi, waliovunjwa na bodaboda, na makuli wa bandarini ambao migongo yao ilikuwa imebeba magunia ya korosho hadi ikasema basi.

Mkufunzi wetu alikuwa Dokta Erasto, Mpare wa miaka hamsini na kitu, mpole, mashati yake yamenyooshwa pasi mpaka mikono ina makali. Kuhusu ufundishaji wake nitakuwa mkweli kama nilivyokuwa kwenye fomu: alifundisha kwa neno moja. Saa moja na nusu asubuhi aliingia, akawasalimia wagonjwa kwa majina, akauliza huyu kalalaje na yule presha yake imekaaje, akaandika kwenye mafaili. Kisha akatugeukia sisi.

"Endeleeni," alisema, akaenda zake.

Saa nne ulimkuta kantini na chai ya rangi, chapati moja na gazeti. Saa sita ulimkuta kivulini na wahasibu, wakibishana Simba na Yanga. Saa nane alirudi, akatia sahihi kwenye madaftari yetu ya mafunzo kuthibitisha kwamba ametusimamia siku nzima, akatutakia jioni njema.

"Tuendelee na nini?" Baraka aliuliza siku ya kwanza, mlango ulipofungwa. "Mbona hatujaanza?"

Aliyetuanzisha ni Bi Mwanakombo.

Bi Mwanakombo alikuwa mhudumu wa idara. Mwenyeji wa Mikindani, mwili wa kutosha, sauti ya kutosha zaidi. Kwa mujibu wa ajira yake, kazi yake ni kupiga deki, kutandika vitanda na kusukuma viti vya magurudumu. Siku ile ya kwanza alikuwa anapiga deki kweli, na mimi nilikuwa nimejipa kazi ya kumsimamisha Mzee Mohamedali, muuza vitambaa wa mjini ambaye kiharusi kilimchukua upande wa kulia. Nilimshika mkono ule uliolegea, nikavuta. Kofi likatua mgongoni mwa kiganja changu.

"We mtoto! Mkono wa mtu mpini wa jembe huo?"

"Namsaidia asimame," nilisema. Nilikuwa nimekasirika. Nilikuwa na koti jeupe, yeye alikuwa na ndoo.

"Unamng'oa bega. Bega limelegea, halina wa kulishika, nawe unalivuta. Usiku likimuuma, utakwenda wewe kumbembeleza? Mkewe huyo hapo, muulize kama anakutaka."

Sakinabai, mke wa mzee, alisema hanitaki.

Bi Mwanakombo aliegemeza deki ukutani, akafuta mikono, akaketi kwenye kigoda mbele ya mgonjwa. Akaliziba lile goti bovu kwa magoti yake mawili. Akairudisha miguu ya mzee nyuma kidogo, akamwambia alete pua mbele, zaidi, zaidi, mpaka ipite vidole vya miguu. Mkono mmoja aliuweka nyuma ya bega, haukuvuta kitu, ulikuwepo tu. Kisha akanyamaza. Mimi nilikuwa nimeshachoka kungoja, lakini yeye alitulia vilevile.

"Usimnyanyue," aliniambia bila kunitazama. "Mngoje."

Na Mzee Mohamedali akasimama. Taratibu, akitweta, akimtaja Mungu kwa Kiarabu na mkewe kwa Kigujarati, lakini akasimama.

Mambo yale yote nilikuwa nimeyasoma. Niliwahi hata kuchora mchoro wake kwenye mtihani nikapata A. Sikuwa najua kwamba ndiyo haya.

Basi tukawa wanafunzi wa Bi Mwanakombo. Alitutukana tukatukanika. Baraka aliambiwa ana mikono ya fundi gereji. Fredi aliambiwa aache kuhesabu kwa sauti ya mgambo, wagonjwa si jeshi. Alipotaka wagonjwa wa kiharusi wavifanyishe vidole kazi, hakuchukua ile mipira ya plastiki iliyoletwa na wafadhili. Alitoka sokoni na bakuli la ming'oko iliyochemshwa, ile mizizi ya porini ya huku kusini, akawagawia waimenye. Anayemenya ndiye anayekula.

"Mume wangu hajawahi kumenya hata ndizi," Sakinabai alilalamika. "Leo amenye mizizi?"

"Ndiyo maana vidole vimegoma, mama. Havijazoea kazi."

Mzee Mohamedali alimenya wiki tatu. Mwanzo ming'oko yake ilikuwa inasagika. Wiki ya nne, nikimfunga viatu, aliinua mkono wake wa kulia, akashika ukingo wa koti langu kati ya kidole gumba na cha shahada, akasugua.

"Nani kakuuzia hii?" aliuliza.

"Dukani Dar es Salaam, mzee. Ni pamba."

"Si pamba. Umeibiwa."

Sakinabai alilia. Mimi pia nililia, ingawa koti lilinigharimu.

Jambo moja tu lilinikera. Kila viatu vya katibu wa hospitali viliposikika koridoni, Bi Mwanakombo alimwacha mgonjwa mikononi mwetu, akashika deki. Sakafu ile ilikuwa safi kuliko zote Mtwara. Siku moja nikamuuliza kwa nini anajificha.

"Sijifichi. Nafanya niliyoajiriwa."

"Lakini wewe ndiye unayefundisha hapa! Wangejua—"

"Wakijua itakuwaje?" alinikatiza. "Modesta, nimebakiza miaka sita nistaafu. Sitaki cheo wala picha ukutani. Nataka nistaafie humuhumu, na hawa wagonjwa wangu. Nishikie huyu."

Nilimshika huyo. Lakini moyoni nilisema huu ni unyonge, na watu wanyonge husemewa. Nyumbani kwetu tulilelewa hivyo: msema kweli mpenzi wa Mungu. Baba aliliandika ubaoni kila Jumatatu.

Sasa, kuhusu fomu. Mwisho wa mafunzo, chuo hutaka wanafunzi wampime mkufunzi wao. Maswali kumi na manne, alama moja hadi tano, na chini kuna mistari ya maoni. Desturi ilikuwa kwamba mkufunzi mwenyewe ndiye anayegawa fomu, anazikusanya, anazitia kwenye bahasha na kuilamba. Hivyo nchi nzima haikuwa na mkufunzi aliyewahi kupata chini ya nne. Fredi, ambaye alikuwa amepita hospitali tatu, aliweza kujaza fomu nzima kwa muda wa kufungua soda.

"Mkufunzi ni kama mhubiri msibani," alitueleza tukiwa kwenye chumba tulichopanga Shangani. "Hata akihubiri vibaya unaitikia amina. Wewe shida yako uzike mtu wako, uondoke."

"Na ukweli je?"

"Ukweli upo. Nani kasema haupo?"

Mwaka ule, kwa bahati yangu nzuri au mbaya, chuo kilikuwa kimebadili utaratibu. Mratibu, Madamu Magreth, alikuja mwenyewe wiki ya saba akiwa na sanduku la bati lenye kufuli. Akatuketisha, akatuambia kwamba maoni yetu ni siri kabisa, hakuna kuandika jina. Sehemu ya kwanza ya fomu ilisema: Jinsia, weka alama ya vyema. Tulikuwa wavulana wawili na msichana mmoja. Nikaweka vyema kwenye "Ke" na kuanza kazi.

Swali la kwanza, mkufunzi huwepo eneo la kazi: moja. La pili, huonyesha kwa vitendo: moja. Fredi alikuwa ameshamaliza, anatazama dirishani. Mimi nilifika kwenye mistari ya maoni, ikanitosha kwa salamu tu, nikaomba karatasi ya ziada. Niliandika kurasa mbili. Niliandika kwamba Dokta Erasto ana uwezo wa kunywa chai na sijaona uwezo mwingine. Niliandika kwamba anayefundisha idara hii ni mhudumu, Bi Mwanakombo, ambaye kwa mikono yake mwenyewe huwasimamisha wagonjwa, huwatembeza, huwanyoosha viungo na kuwarudishia vidole. Nikataja wagonjwa kumi na mmoja. Nikaomba atambuliwe rasmi.

Ilikuwa barua nzuri. Bado nasema hivyo.

Siku kumi baadaye Madamu Magreth alirudi, safari hii pamoja na katibu wa hospitali, wakatuita ofisini.

"Maoni yenu yamefanyiwa kazi," alisema, akatabasamu upande wangu. "Hasa ya mwanafunzi mmoja, ambaye hatutamtaja, binti huyu."

Yalikuwa yamefanyiwa kazi kweli. Dokta Erasto alikuwa amepewa barua ya onyo: tangu siku ile asitoke idarani saa za kazi, na kila siku awe na kipindi cha kufundisha chenye mada iliyoandikwa. Kuhusu Bi Mwanakombo, katibu alifungua faili na kusoma kwa sauti kavu. Imebainika kwamba mhudumu asiye na sifa za kitaaluma amekuwa akiwatibu wagonjwa kinyume cha taratibu. Ushahidi upo kwa maandishi, na majina ya wagonjwa kumi na mmoja. Kwa kuzingatia utumishi wake wa muda mrefu, hatafukuzwa. Amehamishiwa chumba cha kufulia.

"Lakini nilimsifu!" nilisema. Siri ikafa hapohapo.

"Ulimsifu sana," katibu alikubali. "Bila maelezo yako tusingejua lolote."

Madamu Magreth alinisindikiza mlangoni akaniambia chuo kinakusudia kuitumia fomu yangu kama mfano wa maoni yaliyojazwa vizuri, na akanipa nakala niiweke kama kumbukumbu. Niliipokea kwa mikono miwili. Malezi ni malezi.

Dokta Erasto alianza kufundisha kesho yake. Alileta projekta. Kipindi cha kwanza kilihusu kiungo cha bega, kurasa themanini na nne, akazisoma zote kwa sauti ileile ya upole, mgongo wake umetuelekea. Wagonjwa walikaa kwenye benchi wakisubiri, maana agizo lilisema kipindi kwanza. Bakuli la ming'oko liliondolewa kwa sababu si kifaa. Hakuna aliyetukanwa. Siku ya tatu wagonjwa wawili hawakuja. Siku ya nne Fredi aliniuliza kama nimeridhika, nami nilimwambia anyamaze, akanyamaza, na hilo lilikuwa baya zaidi.

Siku ya tano Mzee Mohamedali alichoka kusubiri. Tulikuwa ukurasa wa arobaini na kitu. Aliamua kusimama peke yake, pua haikufika mbele, goti likakunjika. Kabla mimi sijainuka, Dokta Erasto alikuwa ameshafika. Sijui alivukaje chumba. Magoti yake mawili yameliziba lile goti bovu, mkono mmoja uko nyuma ya bega, hauvuti kitu. Nilikimbia kushika upande wa pili.

"Usimnyanyue," aliniambia bila kunitazama. "Mngoje."

Akangoja. Mzee akapumua, akaleta pua mbele, akasimama.

Nitasema nilichofikiri, maana nimeahidi ukweli. Nilifikiri: kumbe hata huyu amejifunza kwa Bi Mwanakombo! Miaka yote hii amekuwa akichungulia. Nilimdharau zaidi, na wakati huohuo nilifurahi kwa ajili ya mama yule.

Wagonjwa walipoondoka nilibaki kukunja waya wa projekta. Dokta Erasto alikuwa anafuta miwani.

"Dokta, samahani kwa barua ya onyo," nilisema. Sikuwa nimemaanisha sana.

"Barua si kitu. Ninazo nyingine." Aliivaa miwani. "Unajua kwa nini nilikuwa natoka?"

"Kunywa chai."

"Chai siipendi, inanipa kiungulia. Mimi ndiye mwenye leseni humu, Modesta. Nikiwa ndani na mhudumu akamgusa mgonjwa, sheria inataka nimzuie. Nikiwa nje, sijaona." Alisema kama mtu anayetaja bei ya nyanya. "Mimi wanafunzi nikiwafundisha wanaandika. Yeye akiwafundisha, wanashika. Basi nikawa natoka."

Nikaacha kukunja. Akanitazama kidogo, halafu akasema, "Endelea," akimaanisha waya.

Niliuacha. Nilikwenda moja kwa moja nyuma ya hospitali, kwenye chumba cha kufulia. Mashine moja ilikuwa inanguruma, nyingine imekufa, na Bi Mwanakombo alikuwa amesimama kwenye beseni la saruji akisuuza mashuka kwa mikono. Nilimwamkia. Aliitikia marahaba bila kugeuka. Mikono ile iliyomsimamisha Mzee Mohamedali ilikuwa imekunjamana kwa maji na sabuni.

"Bi Mwanakombo, nimekuja kukuomba radhi. Nilitaka wakutambue."

"Wamenitambua."

"Niliandika mazuri tupu. Wallahi nakuapia, na mimi Mkristo."

Hapo akageuka. Nilidhani atacheka, lakini uso wake ulikuwa umechoka tu. "Nasikia wamekupa hiyo karatasi. Unayo?"

Ilikuwa kwenye mfuko wa koti. Nilikuwa natembea nayo, Mungu anisamehe.

"Nisomee. Mikono yangu ina maji."

Nikasoma zile kurasa mbili. Nilisoma yule mgonjwa wa kwanza, wa pili, hadi wa kumi na moja, na alivyowarudisha kila mmoja wao. Alisikiliza kichwa kimeinama. Kwenye jina la Mzee Mohamedali alisema, "Anakuja bado?" Nikasema anakuja. Nilipomaliza, machozi yalikuwa yananitoka, na kwa kutaka kumpa kitu chochote kizuri, nikamweleza yaliyotokea asubuhi: kwamba Dokta Erasto alimdaka mzee kwa namna ileile, magoti yaleyale, hata neno lilelile.

"Hata yeye amejifunza kwako," nilimwambia. "Mwanafunzi wako mkubwa."

Bi Mwanakombo aliacha kusuuza.

"Kwangu?" alisema. "Mtoto wewe. Mimi niliajiriwa kupiga deki. Nimeishia darasa la saba Mikindani. Sikuwa najua mgonjwa anashikwa wapi, nilikuwa nawaogopa. Yeye alikuja hapa kijana, anatoka chuo, hana mke, hana pa kwenda jioni. Akaniona nawaangalia. Akasema Mwanakombo, njoo. Alikaa kitini akajifanya kapooza, nami nikamsimamisha. Kila jioni, siku zote za kazi, miaka miwili. Nilimwangusha huyo baba mpaka akapasuka nyusi. Akanyanyuka, akakaa tena, akaniambia usininyanyue, ningoje."

Mashine ilimaliza mzunguko ikanyamaza. Nilikuwa bado nimeishika karatasi.

"Hiyo uliyosoma ni maoni," alisema. "Wanasema na maswali yapo. Lipo la kufundisha?"

"Lipo. La tisa."

"Lisome."

"'Mkufunzi ana uwezo wa kumfundisha mtu asiyejua kitu mpaka akajua.'"

"Ukampa ngapi?"

Nilitamani asijue kuhesabu. "Moja."

Aliinamia beseni, akalitoa shuka, akalikamua kwa mikono miwili mpaka likaacha kudondoka.

"Basi hiyo moja ndiyo mimi," alisema, akaniomba nimpishe, maana mashuka ya wodi ya wazazi yalikuwa yanangojwa.